Tende na Jibini ya Mbuzi: Bitings za Kukuokoa Wageni Wakifika Kabla ya Nyama

Unajua ile saa. Uliwaambia wageni waje saa kumi, ukijua Wakenya watafika saa kumi na mbili. Maze, wakafika saa kumi kamili. Nyama bado iko kwa jiko, makaa imekataa kushika, na sebuleni kuna watu sita wameshika glasi za soda wakiangalia ukuta. Unawaletea krispi. Unawaletea njugu. Saa moja baadaye wameshiba krispi, na nyama ikifika wanaidonoa tu kama kuku mgeni.

Mimi ilinipata mbaya zaidi ju wageni walikuwa mashangazi wa manzi yangu. Walikuwa wawili, wametoka Nakuru na mat ya asubuhi, mara yao ya kwanza kukanyaga keja yangu. Mezani niliweka soda, mandazi na keki. Yule shangazi mkubwa hakugusa kitu. Nikadhani ameniringia. Baadaye ndio niliambiwa ana kisukari, na kila kitu nilikuwa nimepanga pale ni sukari juu ya wanga. Mama wa watu alikaa njaa saa mbili kwa keja ya msee anayetaka kuoa mtoto wa kaka yake. Hiyo story bado inabongwa huko kwao.

Waliporudi mara ya pili nilikuwa nimejipanga na sahani moja tu: tende zimejazwa jibini ya mbuzi, njugu juu, asali kidogo. Na pembeni kitu ya shangazi, tutafika hapo. Ni bitings ambazo hazihitaji oveni, hazihitaji usomee upishi, na ukishazipanga unakaa na wageni badala ya kujificha jikoni. Wacha nikuonyeshe vile inaenda.

Kwanza, mbona hivi vitu viwili?

Tende ni tamu sana na nzito. Ukila tatu peke yake, ulimi unachoka. Jibini ya mbuzi nayo ni chachu, ina chumvi, na ina ile harufu yake ya shamba. Peke yake wasee wengi wanaikunjia uso. Ukiziweka pamoja, kila moja inafunika makosa ya mwenzake. Ongeza njugu ndio kuwe na kitu cha kutafuna, na chumvi kiduchu juu. Usicheze na hiyo chumvi. Ndiyo inafanya mtu aulize umeweka nini.

Na usidhani ni mambo mapya ya watu wa Karen. Kitabu cha mapishi ya Warumi wa kale, kile hupewa jina la Apicius, kina tende zilizotolewa kokwa, zikajazwa njugu au pilipili manga, zikaviringishwa kwa chumvi halafu zikakaangwa na asali. Huku kwetu Mombasa na Lamu, wazee wamekuwa wakinywa kahawa chungu na tende tangu zamani, akili ikiwa ni ileile: tamu inakutana na kitu cha kuikata makali.

Ile harufu ya jibini inatoka wapi? Mafuta ya maziwa ya mbuzi yana asidi tatu ambazo wanasayansi waliziita kapriki, kapriliki na kaproiki. Majina yote matatu yametokana na neno la Kilatini la mbuzi. Kumaanisha hata wao walinusa wakajua. Wafugaji pia watakuambia usifuge beberu karibu na mbuzi wa maziwa, ju harufu yake inaingia kwa maziwa. Kwa hivyo jibini ikinuka beberu kabisa, hiyo si sifa. Jibini fresh inafaa kunuka kama mtindi mzuri ulio na tabia kidogo. Rangi iwe nyeupe pe, ju mbuzi hubadilisha ile rangi ya manjano ya majani kuwa vitamini A, tofauti na ng'ombe ambaye huiacha nyingi kwa maziwa.

Tende: hapa usiwe mchoyo

Ukitaka kuharibu hii kitu haraka, nunua zile tende zimebanwa kwa pakiti kama tofali. Hizo ni za kutengeneza juisi na keki. Hapa unataka tende nzima, kubwa, zenye ngozi laini, ambazo ukibonyeza na kidole zinakubali kidogo. Medjool ndio mkubwa wao. Asili yake ni Morocco, ni nene, na ndani ina nafasi ya kujaza. Ajwa ya Madina ni tamu lakini ni ndogo, utateseka kujaza. Deglet Nour, ile ya Algeria na Tunisia, ni ngumu kiasi lakini inakaa vizuri ikipashwa moto.

Nairobi, panda mat uende Isich. Maduka ya kule huuza tende kwa kilo mwaka mzima, na Ramadhan ikikaribia zinajaa hadi kwa mlango. Mombasa hata huhitaji kuambiwa. Muulize muuzaji akuonjeshe moja. Akikataa, duka la pili liko hapo tu kando. Linganisha bei kabla hujatoa doh, ju Medjool zinauzwa kulingana na saizi na wewe huhitaji zile kubwa kupita zote.

Ukipata ngumu, usizitupe. Ziloweke kwa maji moto dakika kumi, uzitoe, uzipanguse zikauke. Ukiziacha na maji jibini itateleza itoke kama sabuni.

Si lazima iwe tende pia. Embe zilizokaushwa, zile vipande virefu vinavyouzwa supamaketi, ni noma na jibini ya mbuzi ju zina uchachu wake. Kunja kipande kama sambusa ndogo, weka jibini katikati, dunga na kijiti cha meno. Tini zilizokaushwa pia zinaenda. Aprikoti zinapendeza kwa picha, lakini jua kitu kimoja: zile za rangi ya machungwa zinazong'aa zimewekwa salfa dioksidi ndio zisigeuke kahawia, na hiyo salfa inaweza kusumbua mtu mwenye pumu. Ukiwa na mgeni wa kutembea na pampu, tafuta zile za kahawia ambazo hazijawekwa, au baki kwa tende. Zabibu kavu wachia pilau.

Jibini: nunua, au pika mwenyewe

Kwa supamaketi kubwa za tao utapata jibini laini ya mbuzi, mara nyingi imeviringwa kama soseji nene. Wengine huandika chèvre. Usitishike, ni Kifaransa cha mbuzi tu. Soma lebo vizuri ju kuna mtego: feta. Feta ya asili kule Ugiriki ni ya maziwa ya kondoo, na inaruhusiwa kuchanganywa na ya mbuzi kidogo. Lakini nyingi unazoona kwa friji za huku ni za maziwa ya ng'ombe. Si mbaya, inaweza kukuokoa, lakini ina chumvi zaidi, so ukiitumia sahau kunyunyiza nyingine juu.

Sasa, jibini ya mbuzi ni bei. Sitakudanganya. Kwa wageni wanane unahitaji gramu 150 hivi, na mwisho wa mwezi ukiwa umesota hiyo inaumiza. Njia ya mkato ni kujipikia, na ni rahisi kuliko chapo.

Tafuta lita moja ya maziwa ya mbuzi. Kuna wafugaji wa Toggenburg na Alpine kule Meru na Nyeri, na hata viungani mwa Nairobi kuna watu wanafuga. Yale ya pakiti za kukaa miezi bila friji usitumie, yameshachomwa moto sana na hayagandi vizuri. Mimina kwa sufuria, weka kwa meko moto mdogo, koroga usiache ishike chini. Unataka nyuzi 82 hadi 85. Huna kipima joto? Ukiona mvuke umeanza na povu dogodogo limezunguka pembeni, lakini bado haijachemka, umefika. Zima gesi. Mimina robo kikombe cha maji ya ndimu, koroga mara mbili tatu pole pole, halafu uache dakika kumi bila kugusa. Utaona imekatika: vipande vyeupe huku, maji ya manjano huku. Isipokatika, ongeza kijiko kingine cha ndimu.

Tandika kitambaa safi cha pamba juu ya chujio, mwaga yote, funga ncha, ning'iniza kwa mfereji wa sinki saa moja na nusu hivi. Kilichobaki kwa kitambaa ndio jibini, karibu gramu 150 au zaidi kidogo kwa lita. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Yale maji usimwage, kandia unga wa chapo.

Hapo kwa moto naomba tusikilizane. Kuna wasee hupenda kusema maziwa ya mbuzi mabichi ndio yako na nguvu. Achana nao. Maziwa mabichi ya mbuzi ni njia moja kubwa ya kupata brucella: homa inayoenda ikirudi, jasho usiku, viungo vinauma, na unaweza kutibiwa malaria na taifodi wiki kadhaa kabla mtu afikirie kupima hiyo. Viwanda husafisha maziwa kwa nyuzi 72 kwa sekunde 15. Ukifika 85 umepita hapo. Ukinunua jibini, lebo iseme maziwa yamepasteurishwa, na kama kuna mgeni mjamzito hapo hakuna kubahatisha hata kidogo.

Kuunda sasa

Hesabu tende tatu kwa kila mtu. Wanane, ni 24. Gramu zako 150 za jibini zitatosha ju kila tende inakula kijiko kimoja cha chai.

Toa jibini kwa friji nusu saa mapema. Ya baridi ni ngumu na haina ladha. Iponde na uma, ongeza kijiko cha mtindi ndio iwe laini (ile ya kujipikia inahitaji viwili, ju huwa inamung'unyika), pilipili manga kidogo, na maganda ya ndimu yaliyokunwa. Kuna rozmari imepandwa kama ua kwa kila estate hii Nairobi. Chuma kijiti kimoja, osha, katakata majani manne matano tu uchanganye. Matano, si tawi zima. Rozmari nyingi inakuwa kama unatafuna dawa ya kuosha nywele.

Chukua tende, ipasue kwa urefu upande mmoja, usifike chini. Inafaa kufunguka kama kitabu. Toa kokwa na kile kikofia cha kwa shina. Halafu angalia ndani kwa kila moja, usiruke hata moja. Tende ni tunda la mtende na saa zingine kuna mdudu alihamia humo kabla yako, au kuna ukungu mweusi. Uking'ata mwenyewe ni stori. Shangazi aking'ata, umekwisha.

Kujaza na kijiko inawezekana lakini itakuwa fujo. Tangu marufuku ya juala ya 2017 hatuna zile karatasi za kukata kona, so mimi hutumia pakiti ya maziwa ya plastiki: ikate upande wa juu, ioshe vizuri na maji moto na sabuni, ikauke, jaza jibini, kata kona ndogo, kamua. Kila tende ijae hadi iinuke kidogo, isimwagike.

Njugu ndio mwisho. Watu wa mapishi ya nje hutumia lozi. Hapa kwetu makadamia za Murang'a na Embu ni tamu kuliko lozi, na korosho za Kilifi hazina mpinzani. Zipashe kwa pani ya chapo kavu dakika tatu hadi zinukie, pasua nusu, bandika moja kwa kila tende. Asali ipite juu kama uzi mwembamba. Halafu chumvi, ile unashika na vidole viwili, kwa sahani yote.

Zinaliwa hivyo hivyo. Lakini kama una dakika tano, zipashe. Oveni nyuzi 180 dakika nane. Huna oveni, panga kwa pani isiyoshika, moto mdogo kabisa, funika dakika nne. Tende inalainika hadi karibu iwe karameli na jibini inakuwa vuguvugu. Asali na njugu hapo unaweka baada ya moto. Na ile jibini ya ndimu haiyeyuki, so usisubiri ivutike kama ya piza, utachoma tende bure.

Mambo ya meza

Uliza mapema nani hali nini. Hii watu huona haya kuuliza, lakini ujumbe mmoja kwa simu unamaliza. Mtu mwenye mzio wa njugu, yake itengeneze kwanza kabla hujagusa njugu, na kwa sahani yake. Mtu ambaye maziwa humsumbua tumbo usimwambie ya mbuzi ni salama: ina laktosi karibu sawa na ya ng'ombe. Na mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe mara nyingi ya mbuzi pia humshika.

Mgeni Mwislamu, tende ashazizoea kuliko wewe. Cha kuangalia ni jibini, ju zingine hugandishwa na kimeng'enya kutoka tumbo la mnyama. Ile ya ndimu haina hiyo shida, unaweza kumwambia bila kupepesa macho. Na ukiona mapishi ya Marekani au Uingereza yanasema ufunge tende na bekoni, unajua la kufanya.

Sasa yule shangazi. Medjool moja ina sukari karibu gramu 16, kama vijiko vinne vya chai. Tatu ni vijiko kumi na mbili, kwa dakika tano za kubonga. Kwa mtu wa kisukari huo ni mtego umepambwa na asali. So ile jibini iliyobaki kwa pakiti nilikamua juu ya vipande vya tango, nikaweka korosho na pilipili manga, bila asali. Dakika tatu za kazi. Nikaweka kwa sahani moja na za wengine, upande wake, bila kutangaza kuwa hizi ni za mgonjwa. Alikula sita. Halafu akauliza kama nimejifunzia wapi, na kwa mara ya kwanza aliniita kwa jina langu badala ya "huyu kijana".

Kuhusu saa: unaweza kujaza tende usiku uliopita, ufunike, uweke friji. Asubuhi usiguse. Wageni wakishuka stage, toa. Njugu na asali weka wakiwa wanavua viatu, ju njugu zikilala kwa jibini zinakuwa laini na hakuna anayetaka hiyo. Zikishafika mezani zisikae zaidi ya masaa mawili, hasa kama ni Mombasa au Kisumu na jua limewaka.

Usiweke zote mara moja. Toa nusu, zikiisha uongeze. Sahani ikijaa sana watu wanakula kama chakula, na hizi ni za kushikilia tu. Tatu kwa mtu halafu nyama. Kinywaji, chai ya rangi na tangawizi inakata utamu vizuri, na kahawa bila sukari ni bora zaidi. Soda inafanya yote ionje kama soda.

Zikibaki, friji, zimefunikwa, hadi siku tatu. Mimi huwa na mbili asubuhi na chai kabla ya kukimbilia mat. Zile za tango ziishe siku hiyo hiyo, kesho zitakuwa maji.